Wegesa na Chakula Kisicho na Kabila

Magoti ya Wegesa yaligoma kabla ya mwenyewe. Kila alfajiri rimu ya gurudumu iliyoning'inia mbele ya ofisi ya kijiji ilipogongwa, wenzake walinyanyua majembe wakaenda shamba la pamoja, naye akainuka kama ng'ombe mzee: kwanza nyuma, kisha mbele, kisha pumzi.

Kwa hiyo Kijiji cha Jitegemee kilipoamua kufungua mgahawa juu ya tela, kina mama walimtaja yeye kabla mkutano haujauliza. Trekta la kijiji lilikuwa limekufa tangu mwaka wa pili wa watu kuhamia hapo. Tela lake likabaki zima, kama mjane mwenye afya. Filemoni, katibu wa kijiji, ndiye aliyepata wazo. Tela lipigwe bati na mbao, likatwe dirisha, likokotwe na maksai wanne hadi Bomani, mjini Tarime, wafanyakazi wa ofisini wapate chakula cha mchana. Mkaguzi wa wilaya angekuja baada ya miezi mitatu. Akikuta tela linalisha watu, lingebaki mgahawa. Akikuta halilishi, lingerudi kubeba samadi, na mpishi angerudi kwenye jembe.

Wegesa aliyatazama magoti yake akasema, "Nimesikia."

Likabaki jambo la kitu gani kipikwe. Mkutano ulichukua siku mbili.

"Ugali wa wimbi na mboga ya mgagani," alisema Machage, mwenyekiti. "Tumalize, tukakamue ng'ombe."

"Ndugu Mwenyekiti," Filemoni akasimama, "huo ni ugali wa Wakurya. Tela la ujamaa halina kabila."

"Tela halina. Matumbo yanayo."

"Basi samaki," alisema Nashoni, mzee aliyefundisha maksai, Mjaluo aliyeoa hapo kijijini.

"Hee! Samaki hana kabila?" mtu akapiga kelele, watu wakacheka, Nashoni naye akacheka.

Mihogo ikatajwa, ikasemwa ni ya mwaka wa njaa. Maziwa ya mgando yakatajwa, ikasemwa ni ya nyumbani, hayauzwi kwa wageni. Ndipo Filemoni, aliyewahi kuhudhuria mafunzo Dodoma na kula karamu ya kufunga mafunzo, akatamka neno moja taratibu, kama mtu anayefungua zawadi: "Pilau."

Kwa kuwa hapakuwa na mtu mkutanoni aliyelijua kabila la pilau, ilionekana haina. Ikapita kwa kauli moja. Mwisho kabisa wakamuuliza mpishi kama ana la kusema.

"Nina swali. Hiyo pilau inapikwaje?"

"Hilo ni suala la utekelezaji, mama," akajibu Filemoni.

Wegesa aliitekeleza kwa kumbukumbu za Filemoni. Katibu alikumbuka tu kwamba ilikuwa ya kahawia na ilinukia. Ukahawia Wegesa aliupata kwa kuunguza vitunguu. Kunukia, kulinukia. Saa sita mchana ofisi za Bomani zikafunguka, makarani wakatoka na suruali zao zilizopigwa pasi, wakafika kwenye kona ya ghala la pamba, tela likiwa mbele yao, wakainua pua. Kisha wakageuka, wakazunguka nyuma ya ghala. Wiki nzima walikula watu wawili: dereva wa lori wa kutoka Bukoba na tarishi aliyehamishiwa kutoka Singida.

"Ni pilau," Machage akasema kwenye mkutano. "Nilisema."

Mchele nao ukaadimika madukani, ukaja unga wa njano, ule wa msaada. Kamati ikapitisha ugali wa njano na maharage, chakula kinachowafaa wote kwa sababu hakipendwi na yeyote. Makarani wakafika konani, wakainua pua, wakazunguka nyuma ya ghala. Mwezi wa pili kamati ikamkumbuka Nashoni na samaki wake. Pua zikainuka kuliko siku zote. Miguu ikazunguka.

Wegesa alishinda dirishani, viwiko juu ya ubao, akiwatazama. Aliona wazi kwamba pua zilitaka na miguu ilikataa, na hakujua mgonjwa atibiwe wapi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Jioni maksai walilirudisha tela kijijini na masufuria yaliyojaa, naye akayakanda magoti yake kwa maji moto, akiyaomba radhi mapema.

Siku moja binti yake Veronika akaja Bomani na mtoto mgongoni. Mumewe Heche alikuwa karani katika mojawapo ya ofisi hizo. Veronika alisimama pembeni, akachora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Mama, Heche anashinda njaa."

"Ashinde njaa kwa nini, nami niko hapa hatua hamsini?"

"Ndiyo maana."

Veronika akaendelea, uso chini: "Atakujaje kufungua mdomo na kutafuna mbele ya mama mkwe wake? Hata kupita hapa hawezi. Anaruka mtaro nyuma ya ghala. Juzi kachana suruali."

"Huyo ni Heche. Na wale wengine?"

"Mama! Wametahiriwa msimu mmoja na Heche, karibu wote. Mama mkwe wa mmoja si wa wote?"

Wegesa akashika kichwa. Kijijini alilijua hilo kama anavyoijua njia ya kisimani. Wakwe zake wakimwona huingia vichakani, naye hugeuza uso, na hakuna anayeona ajabu. Ila Bomani palikuwa na taipureta, bendera na suruali. Alidhani mila nayo ilivuliwa pale kwenye mpaka wa mji, kama blanketi. Wala kamati isingeweza kumwambia. Katika siku zote za kikao walizungumza juu ya tumbo la mfanyakazi. Mama mkwe wa mfanyakazi si kitu cha kutajwa mkutanoni.

"Miezi miwili na nusu wanapiga kura juu ya sufuria," akasema, "kumbe tatizo ni macho yangu."

Usiku ule alifumua magunia mawili, akashona pazia. Kesho yake lilifunika dirisha lote, likaacha upenyo wa kupitisha sahani na mkono. Hakuuliza kamati. Alisonga ugali wa wimbi, akapika mgagani kwa maziwa, kwa sababu mtu akifichwa uso angalau mkono wake ujulikane.

Siku ya kwanza mikono mitano. Ya pili, kumi na minne. Kufikia mwisho wa wiki foleni ilizunguka kona ya ghala, na vijana walikula nyuma ya tela, wakitaniana kwa sauti za chini. Wegesa alijifunza kuwajua kwa vidole: mwenye wino, mwenye pete ya shaba, anayeng'ata kucha. Na mkono mmoja wenye kovu la panga kwenye kidole gumba. Mkono ule alipouona mara ya kwanza alirudisha mwiko sufuriani. Kisha akaongeza tonge, na nyama ambayo haikuwa kwenye orodha.

Mkaguzi akaja siku isiyotarajiwa, ndiyo kazi yao. Simioni lilikuwa jina lake, mtu wa soksi ndefu na kalamu mbili. Aliona foleni, akafurahi. Aliona pazia, akakunja uso.

"Hapa panafichwa nini? Sukari? Sabuni? Ulanguzi huu!"

Kabla Filemoni, aliyemsindikiza, hajapata neno la kufaa, Mkaguzi akalivuta gunia, likachanika kutoka juu hadi chini. Mbele ya dirisha alisimama Heche, mkono umenyooshwa, mdomo wazi. Wegesa akajitupia kanga usoni. Sahani ikaanguka, na foleni nzima ya watumishi wa umma ikapotea nyuma ya ghala kama kuku walioona mwewe.

"Mbona wanakimbia kama wana hatia?"

"Ni ukwe, Ndugu Mkaguzi," Filemoni alisema kwa aibu.

"Ukwe! Ndiyo mambo yanayotuchelewesha. Mtu huru hula popote, mbele ya yeyote. Kesho tela libebe samadi." Kisha harufu ikampata. "Hebu nipe sahani, mama, nionje."

Alikula amesimama barabarani, akihutubia kati ya tonge na tonge. Ghafla tonge likasimama shavuni. Wegesa akafuata macho yake: mwanamke mzee wa kanga nyekundu alikuwa anakuja, kuku kwapani.

Mkaguzi aliparamia tela, akampita mpishi, akaketi sakafuni katikati ya masufuria na sahani mapajani.

"Nani huyo, ndugu?"

"Mama wa mke wangu. Ametoka Nyansurura. Shusha pazia, mama!"

"Lipi? Hili ulilochana?" Wegesa akaziunganisha pande mbili za gunia kwa mikono. "Nitalishika. Ila mikono hii inachoka haraka. Kesho ina samadi."

"Libaki!" akanong'ona Mkaguzi. "Tela libaki, pazia libaki, shika tu!"

Mwanamke akasimama dirishani. "Harufu ya wimbi hiyo, dada. Nimetembea tangu alfajiri." Akahudumiwa kwa mkono mmoja, wa pili ukibana gunia, akakaa kivulini, akala bila haraka yoyote duniani. "Nimekuja kuona wajukuu. Mkwe wangu ni mkubwa hapa, Mkaguzi. Hamjamwona?"

"Wakubwa hawali njiani, dada," Wegesa akajibu, akilikaza gunia.

Mama mkwe akaomba ugali wa pili.

Taarifa ya Mkaguzi ilisomwa kijijini mwezi uliofuata. Ilisema chakula cha taifa kisicho na kabila, yaani pilau, kimepokelewa vizuri na wafanyakazi, na kwamba pazia la kuzuia vumbi ni mfano wa kuigwa. Filemoni alisoma sehemu ya pilau mara mbili. Watu wakapiga makofi, Machage naye, taratibu. Wegesa hakupiga, alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, akishona gunia jipya.

Heche hakuonekana kwa siku kadhaa baada ya pazia kuchanika. Ndipo mchana mmoja mkono wenye kovu ukaingia upenyoni bila sahani. Ulishika mtetea aliyefungwa miguu, wa kuomba radhi. Wegesa akampokea, akaweka ugali, akaongeza nyama.

"Unatosha?" akaliuliza gunia.

Mkono ulibaki upenyoni. Tangu harusi, miaka minane, hawakuwahi kusemezana.

"Ongeza mgagani, mama," sauti ikasema.