Meza ya Samaki Mbele ya Jopo

Nafundisha ubunifu wa vitu katika shule moja ya ufundi, mtaa wa Katuba. Zamani tulihukumu kazi ya mwanafunzi kwa siku moja tu: kitu kilichokamilika kiliwekwa mbele yetu, sisi walimu tukakizunguka, tukakigusa, tukaandika alama. Kisha shule ikapokea tableti, moja kwa kila wanafunzi wanne. Agizo lililokuja nazo lilikuwa fupi: mwanafunzi apige picha kila hatua ya kazi yake, na aeleze kwa sauti yake kwa nini alifanya hivi na si vile. Maelezo yawe kwa Kifaransa, lugha ya masomo.

Katika darasa langu la mwaka wa mwisho alikuwamo msichana aliyetoka Kasenga, kwa wavuvi, kuja kuishi na mama yake mdogo, muuza samaki wakavu. Mwaka mzima sikumbuki kumsikia akisema zaidi ya "oui" na "non", ndiyo na hapana za Kifaransa. Walimu wenzangu walisema ni mzito wa kuelewa.

Niliwapa kazi ya kutengeneza kitu kitakachoondoa taabu moja ya nyumbani kwao. Yeye alichagua meza ya samaki, ya kukunjwa, ambayo mama yake mdogo angeweza kuibeba kichwani kwenda na kurudi sokoni.

Jumamosi moja nilifungua kazi zao kwenye tableti. Wengi walikuwa wamepiga picha za kitu kilichokwisha tu, kisha wakasoma Kifaransa walichokiandika mapema. Ya msichana ilianza na miguu ya vijiti na katoni. Katika picha iliyofuata meza imelala ubavu, samaki wako chini. Kisha ikaja sauti yake, isiyo na haraka:

"Hapa ilianguka. Nilifikiri muguu iko mufupi, nikapima, haiko mufupi. Njo nikakaa pa soko, nikaangalia bantu benye kununua. Bote banaegemea mukono ku kona ya kushoto tu, juu ya kivuli iko kule. Sasa ule muguu wa kushoto nitausogeza inje."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena.

Jopo letu lilikuwa la watu watatu: mimi, mwalimu wa useremala, na prefe, mkuu wa shule. Mwalimu wa useremala ni mtu mzima, wazazi wake walitoka Kasai, ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani, na hapendi kazi ya nusunusu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka tableti chini.

"Hapa hakuna alama ya maelezo. Tuliambiwa Kifaransa."

"Tuliambiwa aeleze," nikasema. "Ameeleza."

"Mu Kiswahili. Nikimupa alama, nitabaambia nini bale balijikaza mu Kifaransa?"

Swali lake lilikuwa la haki. Prefe akaamua msichana aitwe.

Alisimama mbele yetu na meza yake. Prefe akamwuliza kwa Kifaransa kwa nini mguu mmoja umetoka nje kuliko mingine. Akasema "parce que", yaani "kwa sababu", na Kifaransa chake kikaishia hapo. Vidole vyake vilishika ukingo wa meza.

Mwalimu wa useremala akainuka, akaegemeza uzito wake wote kwenye kona ya kushoto. Meza haikutikisika. Akahamia kulia, ikayumba kidogo.

"Na huku?" akamwuliza, safari hii kwa Kiswahili. "Juu ya nini uliacha vile?"

"Huku njo mama iko nakaa, prof. Nikisogeza na huu muguu, utamugonga mu magoti. Na meza itakuwa nzito ku kichwa."

Mwalimu wa useremala akarudi kukaa, akaandika: alama zote za utengenezaji, nusu ya alama za maelezo.

"Agizo siwezi kulifuta," aliniambia tulipotoka. "Lakini ule mutoto anafikiri."

Msichana alifaulu, ingawa si miongoni mwa wa kwanza. Aliyeongoza alileta kiti kizuri na Kifaransa kizuri.

Agizo lipo mpaka leo. Sasa wanafunzi wangu wanarekodi kwanza kwa lugha wanayoitumia kufikiri, kisha kwa Kifaransa, nami nasikiliza zote mbili. Kazi imekuwa ndefu zaidi.

Wakati wa likizo ya mwaka ule msichana alinifuata nyumbani. Wanawake wengine wa soko walitaka meza kama ile, naye aliomba tableti awaonyeshe picha. Nikamwambia tableti zimefungiwa ofisini.

"Haina neno, prof," akasema. "Nitabapelekea meza yenyewe."

Baadaye nilisikia kwamba alitengeneza nyingine kadhaa, na moja imefika hadi Lukafu, upande wa kwao Kasenga.