Mama Waya na gita la mkangazi lililonyang'anywa sauti

Saa tatu na nusu asubuhi, Mama Waya ameng'ata gita.

Hafanyi mzaha. Ametandika kitambaa safi kwenye pembe ya gita, ameweka meno juu yake, amefumba macho, na kwa mkono wa kulia anapiga uzi mmoja mmoja. Hakuna spika iliyowashwa wala waya uliochomekwa. Nje ya mlango mashine ya fotokopi inanguruma na mteja mmoja anagombana na simu yake, lakini fundi hana habari nao.

"Huu ni mkangazi," anasema akishainua kichwa na kujifuta mdomo. "Mbao ileile ya vitanda vya wenye nazo. Nzito, na sauti yake nzito, inakaa. Mpaka niisikie kwenye mifupa ndiyo nijue inataka pikapu gani. Hawa wa dukani walioliwekea hizi kelele, waliisikia saa ngapi?"

Pikapu anazozisema ni vile visanduku viwili bapa vinavyokaa chini ya nyuzi za gita la umeme. Ndani mna sumaku na waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa mara maelfu. Ndizo zinazonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Hizi ni za aina iitwayo hambaka, yenye koili mbili zilizolala ubavu kwa ubavu ili kuua ule mvumo wa umeme unaokera masikio.

Mama Waya ana miaka hamsini na mbili. Chumba chake cha kazi, nyuma ya duka la fotokopi, hakizidi hatua nne kwa tatu. Kabla ya magita alisuka mota za pampu na feni kwa miaka kumi na tisa, na jina lake alilipata huko. Wiki nzuri hutengeneza magita manane. Wiki mbaya hutengeneza pasi za majirani.

Gita la leo ni la shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, mwanamuziki wa miaka sitini na mmoja ambaye wenzake wa bendi humwita Kimya. Haongei sana, na akipiga gita hupiga polepole, kwa ncha za vidole. Gita hilo alinunuliwa na mkewe mwaka wa pili wa ndoa yao.

Miezi mitatu iliyopita sauti ilianza kukatika. Kimya akalipeleka kwenye duka kubwa la vyombo vya muziki, lenye vioo mbele na kiyoyozi ndani. Muuzaji akachomeka mita, akamwonyesha namba.

"Akaniambia, 'Mzee, pikapu zako zimekufa. Hizi zako zinasoma nane, mpya zinasoma kumi na sita. Mara mbili ya nguvu,'" anasimulia Kimya. "Mimi nikaona namba kwa macho yangu. Ningebisha nini?"

Alilipia pikapu hizo sawa na mapato yake ya miezi miwili. Akarudi kwenye bendi akiwa na gita linalofoka. Aguse uzi kwa upole, linafoka. Aguse kwa nguvu, linafoka vilevile. Ule upole uliomfanya aitwe Kimya ukapotea. Wiki iliyopita kiongozi wa bendi alimpa hadi Jumamosi: arekebishe sauti, au kiti chake kitachukuliwa na kinanda. Bendi ndiyo kazi pekee aliyonayo, na leo ni Alhamisi.

"Kwa nini hukuniletea mimi, shemeji?" Mama Waya anauliza, bisibisi mkononi. "Mimi niko hapa nasuka waya, wewe unakwenda kupigwa na kiyoyozi!"

"Niliona aibu. Kila nikija hapa hutaki hela yangu."

"Sasa hela nisiyoitaka mimi umekwenda kuwapa watu wasiokujua. Shemeji, akili zako dada aliziacha wapi?"

Kimya anacheka kidogo. Mama Waya hacheki, kwa sababu ameshafungua kifuniko cha nyuma na anakagua nyaya moja moja.

Ananiita nisogee. Nyaya zote ni za zamani, zimefifia, ila sehemu mbili. Moja ni pale pikapu mpya zilipounganishwa. Nyingine ni kwenye swichi, ambako risasi ya kulehemu inang'aa, mbichi kabisa.

"Unaona hapa? Waya wa swichi ulikuwa umeachia. Ndiyo maana sauti ilikuwa inakatika," anasema, akiionyesha kwa ncha ya bisibisi. "Waliuona ugonjwa, wakautibu kimyakimya, halafu wakamwambia mwenyewe pikapu zimekufa. Dakika tano za kazi! Na zile za zamani wakabaki nazo."

Nakiri kwamba hata mimi, niliyekuja kuandika habari ya ufundi tu, nilishikwa na hasira. Mchana huo nilikwenda dukani. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, alinijibu bila kupepesa macho: "Za zamani huwa tunazitupa. Mteja angezitaka angesema." Kwenye kabati la kioo nyuma yake kulikuwa na pikapu jozi tatu, zimekwaruzika, zina kikaratasi kilichoandikwa "Za zamani, adimu". Bei yake ilizidi ya zile mpya. Nilipouliza zilitoka wapi, akaitwa na mteja mwingine. Za Kimya, kwa alama alizonieleza, hazikuwemo. Zilishapata mnunuzi, au zilitupwa kweli; hakuna aliyekuwa tayari kuniambia.

Mama Waya hajifanyi malaika. Anasema mwaka wake wa kwanza kwenye magita alifanya kosa ambalo ni fundi wa mota tu angelifanya.

"Kwenye mota, mizunguko ya waya ina hesabu yake na nguvu unaiona kwa macho. Nikadhani na gita ni hivyo. Akaja mpiga gita wa kanisani, nikamsukia koili nene, nimeshindilia waya mpaka hapaingii kitu. Jumapili wakanifuata nyumbani. Kwaya nzima ilikuwa imeziba masikio."

Kilichomwokoa ni desturi ya karakana yake ya zamani. Mota ikisukwa upya, waya ulioungua hauachwi kwenye karakana. Unatiwa kwenye mfuko na mwenye mota anakabidhiwa mkononi, hata kama atautupa mlangoni. Kwa desturi hiyo, koili za zamani za mpiga gita wa kanisani zilikuwa kwenye mfuko chini ya kitanda cha mwenyewe. Zikarudishwa siku hiyohiyo.

"Mimi nilikosea, lakini njia ya kurudi ilikuwepo," anasema. "Hawa wamemfungia mtu njia ya kurudi. Hiyo ndiyo inaniuma. Na ile mita, shemeji, inakuonyesha waya una ukinzani kiasi gani, basi. Haipimi muziki."

Tangu mwaka uanze, anasema, amepokea magita thelathini na moja yaliyokwisha kubadilishwa pikapu madukani. Kumi na tisa kati ya hayo hayakuwa na tatizo lolote la pikapu.

Alhamisi hiyo anajaribu jozi ya kwanza, aliyoitoa kwenye gita lililovunjika shingo. Ile ya nyuma, karibu na mahali nyuzi zinapofungwa, inalia vizuri, kavu na safi. Ile ya upande wa shingo ni balaa. Mkangazi una uzito wake, pikapu ina wake, na noti zote zinatoka kama mtu anayeongea na shuka mdomoni.

"Ya nyuma inabaki," anaamua. "Ya shingo nitaipunguza."

Ijumaa nzima inakwenda hapo. Anafungua koili, anatafuta ncha ya waya kwa kioo cha kukuzia, kisha anaanza kuuvuta nje huku akihesabu kwa midomo. Mizunguko mia tatu kwenye koili moja, mia tatu kwenye nyingine. Waya ukikatika ndani, kazi yote imekwisha. Kimya amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Jioni, pikapu ikiwa imerudishwa, Kimya anapopiga uzi wa tatu kwa ncha ya kidole, halafu anapoupiga tena kwa nguvu kidogo, zinatoka sauti mbili tofauti. Anaweka gita chini, anatoka nje, na anakaa huko muda mrefu.

Pikapu za dukani Mama Waya anazitia kwenye mfuko na kumkabidhi. Kimya anataka kuzitupa. "Acha ujinga, shemeji. Hazina kosa, zilipewa mtu asiye wake."

Jumamosi saa tisa alasiri, ukumbi wa mazoezi; Mama Waya naye amekuja, na bisibisi yake. Kimya anapiga wimbo mmoja peke yake. Mpiga ngoma anaacha kufunga kamba za viatu. Kiongozi wa bendi anasikiliza hadi mwisho, anapiga makofi mara moja, na kusema, "Huyo ndiye ninayemjua. Kaa kwenye kiti chako." Halafu, kwa furaha, anafungua boksi la nyuzi mpya na kumrushia pakiti moja. Boksi lina nembo ya lile duka kubwa.

"Hizi unanunua huko?" Mama Waya anauliza.

"Nanunua wapi! Wananipa. Kila nikiwapelekea mtu wananipa boksi."

Kimya anaangalia sakafu. Alikuwa anajua siku zote nani alimpeleka, na hakusema.

"Kwa hiyo ulimpeleka wewe," anasema Mama Waya, polepole, "halafu ukataka kumfukuza kwa sauti uliyompeleka kuinunua?"

"Sikujua, dada yangu."

"Hukuuliza."

Kiongozi anakaa kwenye kona ya spika. Anaangalia gita lake mwenyewe, jekundu, linalometameta, kisha anasema kinachomsumbua. "Na langu walinibadilishia pikapu. Mwaka jana. Waliniambia zimekufa."

Hakuna anayecheka, ingawa mpiga ngoma anajizuia kwa shida.

Mama Waya ananiambia baadaye kwamba mpango wake ni huu: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ukumbini hapo, bila malipo, mwanamuziki yeyote aje afundishwe kufungua gita lake na kujua kilichomo. Hataki kuwa fundi wao wa maisha. Anataka waingie dukani wakijua.

Lakini siku hiyo hakungoja mwezi ufike. Alichukua bisibisi na kumpa kiongozi. Miaka thelathini ya muziki, na mtu huyo hakuwahi kufungua gita. Aliigeuza bisibisi mkononi, akauliza aanze na skrubu ipi.

"Yoyote," akamwambia. "Ni lako."

Gita lilikuwa linateleza kwenye meza. Kimya akainuka kwenye kiti chake, akaja kumshikia.