Mama Ukungu na Jicho la Tingatinga

Jua halijakausha umande, lakini uwanja wa Khayega wa kupiganisha mafahali umekwisha furika. Ngoma za isukuti zinarindima, vumbi limetanda, na katikati ya kelele hizo Zipporah Awinja amepiga goti, kamera yake ikiwa juu ya stendi ya mguu mmoja. Hamfuati fahali yeyote. Amelenga kipande cha nyasi zilizokanyagwa, anangoja.

"Tingatinga atapita hapa tu," anasema bila kugeuka. "Akikasirika anapendanga upande huu."

Leo Tingatinga, fahali wa mzee Bramwel Lusweti, anapigana kwa mara ya mwisho, uzee umemfikia. Awinja naye ana jina la kusafisha.

Msimu uliopita mzee alimwomba picha ya ushindi. Awinja, mzaliwa wa Shinyalu hapo jirani, akafanya kosa la mtu wa hapa hapa: alilenga pembe. Si ndizo fahali husifiwa kwazo? Pembe zikatoka safi kabisa, macho yakawa ukungu mtupu. Mzee aliirudisha picha.

"Aliniambia, 'Mama, huyu si wangu. Wangu ananiangalianga,'" anakumbuka, akicheka. Wakati ule hakucheka. Sokoni walimbandika jina la Mama Ukungu, na wenye harusi wakaanza kumkwepa. "Nililia, usidanganyike. Nikasema kamera sishiki tena."

Wapi! Aliishika. Lenzi yake ndefu ni ya mitumba, na mota ya kujilenga ilikufa zamani. Basi akawa anazungusha pete ya lenzi kwa vidole, akilenga jicho la kila ng'ombe aliyefungwa kando ya njia, mpaka vidole vikazoea. Akagundua pia kwamba tundu la lenzi likiachwa wazi sana, kinachotoka vizuri ni sehemu nyembamba tu: ukipata pembe, umekosa jicho. Siku hizi hulibana kidogo.

"Na huu mguu ni lazima," anasema, akiigonga stendi. "Isukuti ikilia moyo wangu unadunda, kamera nayo inatikisika."

Ghafla umati unalipuka. Fahali mpinzani ameshindwa, anatimka, na Tingatinga yuko nyuma yake. Kwato zinatua kwenye zile nyasi. Awinja anabofya.

Mzee Bramwel anakuja akihema, fimbo mkononi. Awinja anaikuza picha mpaka jicho linajaa kioo cha kamera, jeusi, linang'aa, vumbi limeshika kwenye kope. Mzee anakiinamia kile kioo na kusema kwa sauti ya chini, "Tingatinga, umechoka, baba? Twende nyumbani."

Awinja anajifuta machozi kwa mkono wa sweta, wala hafichi. Anapanga kufungua studio hapa Khayega, ukuta mzima uwe wa mafahali waliostaafu, Tingatinga akitangulia. Maandishi ya kibao ameshayachagua.

"Mama Ukungu," anasema, kidevu juu. "Walionipatia hilo jina wanapitanga hapa kila siku ya soko. Waingie waone macho."