Binti wa Karatasi katika Kopo la Mwanahalima

Siku zile, ukitaka Mwanahalima wa Dutumi akununie mwezi mzima, ungemwambia tu kwamba kadi zake ni takataka. Loo! Ungejuta kuzaliwa.

Alikuwa mjane. Mumewe, Jumbe, alimwachia shamba la mihogo na mtoto mmoja wa kike, Biasha. Mihogo hushibisha lakini haivishi, kwa hiyo Mwanahalima akaenda Kibaha kuwafulia nguo Wazungu waliokuja na mradi baada ya Uhuru. Jumatatu anaondoka, Jumamosi anarudi. Biasha alilelewa na bibi yake, Mwamvita, mama mzazi wa Mwanahalima.

Sasa, Wazungu nao wana mambo yao. Krismasi ikifika wanatumiana kadi, wanazipanga juu ya kabati kama vyombo vya bibi harusi, na sikukuu ikipita zinatupwa. Mwanahalima alipoikuta ya kwanza kwenye pipa la taka, roho ilimuuma. Ilikuwa na nyumba ndogo na kitu cheupe kimejaa juu ya paa. Akaipangusa, akaitia kifuani. Bibi Mwamvita alipoonyeshwa aliuliza ni nchi gani hiyo watu wanaanika unga juu ya paa wala hawaogopi umande.

Hapo ndipo ulipoanza ugonjwa. Kila mwaka bosi wake alimbakizia kadi, naye akazitia kwenye kopo la biskuti. Mpishi wa pale, Telesphory, Mkristo wa bara, alimtania, "Dada, wewe Mwislamu, mbona una Krismasi nyingi kuliko padri?" Akamjibu, "Basi niletee na za Idi, zikae pamoja kama sisi." Telesphory akamwombea za Idi kwa makarani, zenye miezi na misikiti ya rangi ya dhahabu. Mwaka mwingine binti wa bosi akakua, akaacha midoli yake ya karatasi, na Mwanahalima akaja nayo nyumbani: msichana aliyekatwa kwenye karatasi ngumu, pamoja na magauni yake ya karatasi ya kumning'iniza mabegani.

Jamani, nyumba ile ilikuwa haina hata kitanda cha maana, lakini Jumamosi jioni mama na mwana walimwaga kopo mkekani wakafurahi kama matajiri. Biasha alimkatia yule msichana kanga kutoka migongoni mwa kadi. Na Mwanahalima kila akiondoka alisema neno lake lile lile, huku akicheka: "Nyumba ikishika moto, mwanangu, anza kuokoa kopo langu!"

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Biasha alivunja ungo mwaka ule wa njaa, tuliokula unga wa Yanga, ule wa njano wa msaada. Akawekwa ndani kama desturi yetu. Mwali haonwi na jua wala na mwanamume. Akapewa mwana hiti wa ukoo, mtoto wa mti asiye na mikono, mwenye vishungi viwili kichwani, aliyeshikwa na mama zake wote kabla yake. Mwali humwogesha, humpaka mafuta jioni, hulala naye. Ndiye mtoto wake wa kwanza. Akimtunza vizuri naye atazaa. Akimpoteza, basi tena. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na hivyo ndivyo tulivyoamini.

Ikaja operesheni ya vijiji. Tangazo lilisema wiki ijayo, malori yakaja wiki ile ile, Jumatano, Mwanahalima yuko Kibaha anafua. Mgambo wakapiga kelele: kila mtu abebe anachoweza, upesi! Bibi Mwamvita akahangaika na sufuria na kuku. Kisha akamtoa mwali, amefunikwa kanga gubigubi kutoka kichwani hadi miguuni, na chini ya kanga kifuani kulikuwa na kitu amekikumbatia kwa mikono miwili. Bibi akakiona kile kivimbe, akashukuru Mungu. Mwana hiti yupo. Angehakikisha vipi? Mwali hafunuliwi mbele ya wanaume, hata dunia ikipinduka.

Walipofika kijiji kipya upande wa Mlandizi, kwenye kibanda kisichokuwa na mlango, Bibi akamfunua mjukuu wake. Lilikuwa kopo la biskuti.

"Mama alisema nianze na kopo," mtoto akasema, akaanza kulia.

Mwanahalima alipopata habari alikwenda mbio hadi Dutumi. Nyumba ilikuwa imeshabomolewa na kuchomwa. Akachakura majivu kwa mikono mpaka kucha zikamtoka damu, hakumwona mwana hiti. Alirudi tena na tena, masika na kiangazi, hadi majani yakaota palipokuwa jiko. Bibi Mwamvita alimpa mwali gunzi la mahindi alilee badala yake, kwa kuwa la kufanya halikuwepo. Mwaka uliofuata bibi akafariki, na hakuwahi kumlaumu mtu. Ingekuwa afadhali angelaumu.

Kopo likapandishwa darini. Mwanahalima hakuleta tena kadi hata moja. Telesphory alimwekea za Idi, akazikataa, mpaka mwenzake akadhani amemkosea.

Biasha aliolewa kijiji cha Janga, kwa Twalibu, kijana mwema asiye na makuu. Mwaka wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu mama mkwe akaanza kusema kisimani, kwa sauti ya kusikiwa: "Mtalipata wapi tumbo? Mama yake alichagua makaratasi." Maneno yakamfikia Mwanahalima sokoni Mlandizi, akaacha mchicha wake chini, akarudi nyumbani bila hata kikapu. Hata yeye alikuwa akijiambia hayo hayo kila siku.

Mwishowe Twalibu alitoa talaka, na alilia alipoitoa. Biasha akarudi kwa mama yake na sanduku moja. Akalima, akapika, akachota maji. Kuhusu mwana hiti hakusema neno, jema wala baya, na ule ukimya ndio uliokuwa ukimla Mwanahalima. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mwanawe amtukane, ama amsamehe. Kimojawapo.

Siku ya kuamkia Idi, Biasha akikuna nazi, Mwanahalima alipanda darini akashuka na kopo. Akaliweka karibu na mafiga.

"Nalichoma, Biasha. Ningelichoma zamani."

Biasha akaacha mbuzi ya nazi. Mwanahalima akafungua kifuniko kilichoshika kutu, na jambo la kwanza lililomjia puani lilikuwa harufu ya mafuta ya nazi yaliyochacha. Kadi za juu zilikuwa safi, na ile ya paa lenye unga ikiwemo. Chini yake alilala yule msichana wa karatasi. Alikuwa mweusi kwa mafuta, amelowa hata ungeweza kuona kidole upande wa pili, uso wake umefutika wote, pua, macho na mdomo.

"Nani amemfanya hivi?"

"Mimi, Mama." Biasha alikuwa akitazama nazi yake. "Kule ndani, baada ya kuhama. Gunzi lilikuwa la Bibi. Huyu ndiye niliyekuja naye, nikamlea huyu. Kila jioni Bibi akilala nampaka mafuta, namwogesha kwa kitambaa chenye maji kidogo asichanike. Nilidhani Mungu hatatazama kama ni mti au ni karatasi. Nilidhani atakubali."

Mwanahalima akafunika kopo, akalisogeza mbali na moto. Kisha akachukua chupa ya mafuta na kitana, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Njoo nikusuke, kesho sikukuu." Biasha, mtu mzima yule, akaja akakaa chini katikati ya magoti ya mama yake. Mwanahalima akammiminia mafuta utosini, akayapaka taratibu kwa kiganja, na wote wawili wakalia mpaka moto ukazimika.