Mwanamke Aliyejua Jina la Ng'ombe Wangu

Mwanamke ambaye sijawahi kumwona maishani alifungua geti letu mchana peupe, akaenda moja kwa moja mpaka zizini, akamwita ng'ombe wangu kwa jina.

"Malkia! Kumbe ulizaa salama?"

Halafu akaondoka na mtoto wangu.

Hii si ya kusimuliwa. Ni mimi mwenyewe yalinipata. Ilikuwa Kimulot, mwaka wa tisini na tisa, wakati majani chai yamejaa shambani mpaka huoni njia ya kupita.

Naitwa Rodah. Wakati huo mume wangu Benard alikuwa Amerika, ameenda kusoma. Mimi nilibaki na mama yake, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya. Na msichana wetu Sellah, ambaye alikuwa nasari.

Siku hiyo nilirudi kutoka kuchuna majani, kikapu mgongoni. Kogo alikuwa ameketi nje, goti lake bovu limefungwa leso. Uso unang'aa kama mtu ametoka harusini.

"Mgeni wako amekuja," akaniambia.

"Mgeni gani, Kogo?"

"Si yule rafiki ya Penard." Ndivyo alivyomwita mwanawe, Penard. "Amenipa pole ya goti. Anasema Penard anamwambia kila kitu ya hapa. Nimempa maziwa ya mursik, amekunywa yote."

"Sasa yuko wapi?"

"Amepitia shule kuchukua Sellah. Ati mnaenda kupigwa picha. Si mmepanga?"

Mimi sikuwa nimepanga kitu na mtu yeyote.

Niliteremsha kikapu polepole. Nakumbuka hiyo sana. Niliteremsha polepole ili majani yasimwagike. Mtoto amebebwa, na mimi nachunga majani.

Nikaenda shule.

Mwalimu wa nasari alikuwa anafagia darasa. Kuniona tu akatabasamu.

"Mama Sellah, mbona hukuniambia uko na dada mzuri hivyo?"

"Sina dada."

Ufagio ukaanguka.

"Rodah, usiniambie hivyo," akasema. "Huyo mama alijua kila kitu. Alijua Sellah anaogopa kuku. Alijua kovu ya mguu, akaniambia hata ilitokana na uji moto. Mtoto mwenyewe alicheka naye. Ningejuaje?"

Sikumgombeza. Ningekuwa yeye, ningempa pia.

Watu wakakusanyika. Wengine wakashika njia ya msitu, wengine ya barabara. Kina mama wakanishika mikono wakiniambia nilie, lia tu Rodah, usiweke ndani.

Sikulia. Umewahi kudungwa ile sindano ya kung'olewa jino? Unajishika shavu na hulisikii. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilisikia watu wakiongea kama wako ng'ambo ya bonde.

Lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi, tena vizuri.

Nikajiuliza. Goti la Kogo, majirani wanajua. Malkia kuzaa, majirani wanajua. Lakini kuogopa kuku, na uji, na goti, na Malkia, yote kwa mdomo mmoja?

Kuna mtu mmoja tu niliyewahi kumwambia yote hayo pamoja. Benard.

Na nilimwambia kwa imeli.

Nyinyi wa siku hizi mtacheka, lakini wacha niwaeleze. Wakati huo hatukuwa na simu mfukoni. Kericho mjini kulikuwa na Mkisii mmoja mpole, Bogonko, ambaye alikuwa na ofisi ya kompyuta. Watu wenye jamaa ng'ambo tulikuwa tunaenda kwake. Sisi sote tulitumia anwani moja, ya ofisi yake. Unaketi, unaandika, mwisho unaweka jina lako ndio ijulikane ni wewe. Jibu likija, na yale uliyoandika yako chini yake, Bogonko anaprinti, anatupa kwa katoni iliyokuwa hapo kaunta. Siku ukija mjini unachakura mle ndani mpaka upate yako.

Hakuna neno la siri. Hakuna bahasha. Hakuna gundi.

Na tuliona tumeendelea.

Nilidandia lori ya majani mpaka Mogogosiek, nikapata pickup ya maziwa iliyokuwa inaenda mjini. Dereva aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia la.

Bogonko aliponiona akainuka.

"Mama Sellah, karibu. Pole, leo hakuna yako."

"Bogonko, hizi karatasi husomwa na nani?"

"Wenyewe."

"Na nani mwingine?"

Pale kaunta kulikuwa na mzee mmoja ameshika karatasi, anasoma huku anatabasamu. Aliposikia swali langu akairudisha kwa katoni pole pole, akaangalia dirisha.

Bogonko akamwona. Mimi pia nikamwona.

"Mtoto wangu amechukuliwa," nikasema. "Na mtu anayejua yale niliandika hapa."

Bogonko alibadilika rangi. Akakaa. Akainuka tena.

"Kuna Winny," akasema. "Wa saluni, hapa nyuma. Mchumba wake alienda Ulaya akanyamaza. Kila siku anakuja kuangalia kama ameandika. Akikosa, anaketi hapo anasoma za wengine. Mama, mimi nilimwonea huruma. Nilidhani ni kupitisha wakati tu."

Hakuwa amemaliza na mimi niko nje.

Saluni ilikuwa kibanda cha mbao, pazia mlangoni. Nikasukuma pazia.

Sellah alikuwa ameketi kwa kiti kirefu, miguu inaning'inia, pipi mdomoni. Amesukwa nywele ndogo ndogo, nzuri kuliko nilivyowahi kumsuka mimi. Amevaa rinda jipya la manjano.

"Mama! Auntie amenisuka! Na tumepigwa picha!"

Winny alikuwa amesimama nyuma yake na kitana mkononi. Msichana mwembamba, mrembo, wa umri wangu hivi. Hakukimbia. Aliniangalia kwanza viatu, halafu mikono yangu iliyokuwa myeusi kwa majani, halafu uso.

"Kumbe wewe ni mfupi," akasema. "Nilidhani wewe ni mrefu."

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza aliyoniambia.

"Unanijua?"

"Nakujua sana, Rodah."

"Ulikuwa unampeleka wapi mtoto wangu?"

"Nilikuwa namrudisha. Haki ya Mungu, nilikuwa namrudisha jioni. Nilitaka picha tu."

"Picha ya kufanya nini?"

Akaketi chini kwa sakafu, kwa nywele za watu, akaanza kulia. Analia kwa sauti mpaka mtoto akatoa pipi mdomoni akamwangalia.

Mimi nilimchukua Sellah nikambeba kiunoni. Nilisubiri nisikie kitu. Furaha, hasira, kitu chochote. Nilisikia tu uzito wake.

Bogonko alileta askari. Winny akawekwa ndani. Walipomuuliza alitaka nini na mtoto, jibu lilikuwa hilo hilo, picha. Mama yake akatoka Merigi kuja kumwombea, mama wa kanisa, amejifunga kitambaa cheupe, anashindwa kuniangalia. Afisa akaniuliza kama nataka kesi iende kortini.

Nikamwambia nataka tu nisimwone tena.

Watu wa kwetu wakasema Rodah ana moyo wa kusamehe. Si kweli. Sikuwa nimesamehe. Nilikuwa nimechoka tu. Winny akaachiliwa na onyo, mama yake akarudi naye Merigi, na saluni ikafungwa. Bogonko naye alitupa ile katoni, akaanza kuweka karatasi za kila mtu kwa bahasha yake ndani ya kabati. Lakini mimi sikurudi kwake.

Ningemaliza hapa, ningekuwa nimewapa hadithi nzuri. Mtoto alipatikana, mwizi akashikwa, mambo yakarekebishwa.

Wacha nimalize.

Baada ya wiki kadhaa, mwenye hoteli ya Mogogosiek alituma ujumbe. Hoteli yake ilikuwa na simu, na sisi wote wa upande ule tulipigiwa hapo. Nije Jumapili baada ya kanisa, Benard atapiga.

Nilijipanga njia nzima jinsi nitakavyomweleza kuhusu Sellah bila kumtisha.

Simu ikalia. Nikashika.

"Rodah! Nimepata picha kwa posta!"

"Picha gani?"

"Ya Sellah, si ile nilikuomba? Aki amekuwa mkubwa. Na hizo nywele! Nimeiweka hapa kando ya kitanda."

Nikakaa kwa kreti ya soda.

Benard hakuwahi kuniomba picha.

"Na Rodah," akaendelea, sauti yake ikashuka, "ile imeli yako ya mvua, nimeibeba mfukoni mpaka imechakaa."

"Ya mvua?"

"Ile ulisema mvua ikipiga mabati unahamia upande wangu wa kitanda, ndio nikirudi nisiukute baridi." Akacheka kidogo, kama mtu anaona haya. "Sikujua unaweza kuongea hivyo. Mwanzoni ulikuwa unaniandikia goti la mama na ng'ombe tu. Halafu baadaye ukiandika, nyingine ni kavu, nyingine ni tamu. Nikasema ni sawa, moyo wa mtu una siku zake. Lakini huku ni kugumu, Rodah. Kuna wakati nilikuwa karibu kuzama. Hizo tamu ndizo zilinishika."

Hotelini mtu alikuwa anaagiza chai na mandazi. Mwingine anauliza kama ndengu ziko.

Mimi nimeshika simu.

Yote yakajipanga yenyewe, bila mimi kutaka. Anwani ni moja kwa watu wote. Ukiandika "Rodah" chini, wewe ni Rodah. Mimi nilikuwa nafika mjini mara moja kwa mwezi, tena kwa shida. Winny alikuwa hapo kila siku. Majibu ya mume wangu alikuwa anayachagua kabla yangu. Yale ya goti na ng'ombe aliniachia. Mengine alibeba.

Na mume wangu alipomwomba picha ya mtoto, ilibidi aitafute, na alipoachiliwa akaituma.

"Benard," nikasema. "Hizo tamu, si mimi niliandika."

Nikamweleza. Geti, Kogo, shule, katoni, saluni, polisi. Nilieleza vile vile ningemweleza habari za ng'ombe. Nilisikia pumzi yake tu, na ule mlio wa mbali wa simu za ng'ambo.

Nilipomaliza nikangoja. Nilijua atauliza kama mtoto yuko sawa. Nilijua atakasirika, apige kelele, amlaani huyo mwanamke. Nilikuwa nimejitayarisha kumtuliza.

Akasema, "Anaitwa nani?"

Nikamwambia.

Akalirudia jina. Mara moja tu, polepole.

Halafu laini ikakatika, au aliikata. Mpaka leo sijui, na sijamuuliza.

Benard alimaliza masomo, akarudi. Ni mtu mzuri. Hanywi, hapigi, alisomesha Sellah mpaka akamaliza, alimzika mama yake kwa heshima. Kama aliwahi kwenda Merigi, mimi sijui. Hatujawahi kutaja jambo hilo.

Lakini kuna jioni tukiwa mezani namkuta ananiangalia. Ananiangalia kama mtu anayengoja mwenzake aanze kuongea.

Mimi namuuliza kama nimwongeze ugali.

Ndugu zangu, nimeandika hii kwa sababu juzi niliona mama mmoja ameweka mtandaoni shule ya mtoto wake, jina la mwalimu, na saa anayotoka. Watu wakabonyeza kupenda. Mimi nikaona geti likifunguka.

Kabla hujaandika habari za nyumba yako, jiulize ni nani mwingine anasoma. Ukipewa kusoma ya mwenzako, hata kwa bahati mbaya, rudisha. Kuingia kwa maneno ya mtu ni kama kuingia kwake bila hodi. Na ukipata maneno matamu kutoka kwa jina unalolijua, piga simu usikie sauti. Jina si mtu.

Mwizi wa mbuzi unamfuata kwa nyayo zake. Mwizi wa jina, nyayo anazoacha ni zako.