Mita Thelathini na Nne za Imvutano

Jambo hili sipendi litajwe nikiwa nakula, maana aibu yake bado inanikaba, lakini nyinyi mmeshalisikia vipande vipande kwa watu, basi afadhali mlisikie kwangu mwenyewe: mimi nilivuliwa nguo na hesabu, tena mbele ya wakwe.

Divine, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa anaolewa na kijana wa Mbarara, mtoto wa sajini wa pale kwenye kambi ya jeshi. Mimi ndiye shangazi, na ndiye muuza vitambaa hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa hiyo nguo za wanawake zikawa juu yangu. Divine alinisihi kitu kimoja tu.

"Tante, ile siku sitaki batuone kama bakimbizi ba kuomba-omba. Batuone kama batu tu."

Nikamwambia atulie.

Tulikuwa wanawake wanne na wasichana sita, kila mmoja mita tano za imvutano (ile nguo yetu ya Burundi ya kujizungushia na kufunga fundo begani, ambayo kitambaa kikipungua haisitiri kitu). Nikabonyeza kikokotoo changu cha sokoni, nne, jumlisha sita, zidisha tano, kikasema hamsini, na badala ya kumwandikia muuzaji wa mtaa wa Ruti, kule Mbarara, kwamba nataka mita hamsini, kama mtu mwenye akili timamu, nikataka aone kuwa kazi naijua, nikamtumia vilevile nilivyobonyeza: 4 + 6 × 5.

Mzigo ulifika Ijumaa jioni, harusi kesho yake, tunapima, mita thelathini na nne. Nikampigia simu kwa hasira.

"Mama, si mimi," akasema. "Mimi naweka kwa simu vile umeandika. Simu nasema tatini na nne. Yeye nazidisha kwanza."

"Inazidisha kwanza kwa nini? Batu ndiyo banahesabiwa kwanza!"

"Uliza simu, mama. Na ile kitambaa imeisha."

Kumbe kikokotoo changu hufuata kidole, simu yake hufuata kanuni za shule, na kila mmoja wetu alikuwa sahihi kwa mashine yake. Hapo ningemwambia Divine ukweli, tukatafuta nguo nyingine. Sikumwambia. Niliwakatia wenzangu tisa mita tatu na nusu kila mmoja, mimi nikabaki na mbili na nusu (shujaa, si ndiyo?), na kwa usalama nikavaa ndani sketi niliyoishona zamani kwa mfuko wa pamba wa unga wa msaada, ule wenye maandishi makubwa ya Kiingereza yanayosema kwamba kitu hiki hakiuzwi, ambayo yamegoma kutoka kwa sabuni yoyote. Nani angeiona?

Basi wakwe wamekaa, sajini katikati na sare yake iliyopigwa pasi, na mimi shangazi naongoza ngoma ya kumtoa bibi arusi, mikono juu mfano wa pembe za ng'ombe, ndivyo tunavyocheza, na mikono ilipofika juu kabisa fundo likaachia, kitambaa chote chini, nami nikageuka kukiokota, nikainama, nikawapa wakwe mgongo. Wenye kusoma wakasoma.

 Sajini akasema kwa sauti ya gwaride:

"Mama, hapana ogopa! Sisi nakuja kwa bibi arusi tu!"

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka nao, ningefanyaje. Divine hakucheka. Baadaye, nilipokuwa namrekebishia shela, aliniambia polepole, "Tante, bamesoma," na hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, si ile ya nguo.

Tangu siku hiyo natuma jibu, hesabu yenyewe inabaki kwangu. Juzi Divine alijifungua, nikajitolea kuagiza vitambaa vya ubatizo. Akanishika mkono kwa upole.

"Hapana, Tante. Ile oda nitatuma mimi."