Siku Mwenda Alipowatenganisha Akina Gladwell

Marehemu Mwenda Kailemia hakuwahi kuipiga kompyuta kofi. Wenzake wa hospitali walizipiga, walizitukana, wengine walizifunika vitambaa vya meza kama redio za zamani ili vumbi lisiingie, na joto likazimaliza. Yeye alivuta kiti, akakaa, akauliza swali lake lile lile: "Ulikuwa unafanya nini ilipokataa?" Kila aliyeulizwa alijibu kwamba hakuwa anafanya chochote. Mwenda alitikisa kichwa tu. Tangu aajiriwe kutunza mitambo ya hospitali ile ya misheni, kando ya barabara itokayo Meru kabla hujaingia Embu, hakuwa amekutana na kompyuta iliyoharibika mtu akiwa hafanyi chochote.

Mungu alimwita kabla ya mvua za mwaka huu, na nyumbani kwao bado mtu akiona simu imeganda hugeuka kumtafuta. Alikuwa na maoni yake na hakuyaficha hata mezani. Kuzima na kuwasha, alisema, ni kama Panadol: maumivu yanatulia, ugonjwa unabaki. Programu mpya isiwekwe Ijumaa jioni, maana huko ni kumjaribu Mungu. Nakala ya akiba ambayo hujawahi kuifungua ukaona kama inafunguka, hiyo si akiba, ni maombi. Na Mungu husikia maombi, lakini alitupa na mikono.

Kilichomkera zaidi kilikuwa uzembe wa majina. Wodi nzima ilitumia neno la siri la muuguzi mmoja, Kawira, kwa sababu ni Kawira peke yake aliyekumbuka lake.

"Kulingana na seva," Mwenda aliwaambia wakati wa chai, "Kawira hajalala tangu Pasaka. Yuko leba, yuko famasia, yuko kwa daktari wa meno, yote saa moja. Hata malaika Gabrieli hawezi."

Walicheka, wakamwongezea chai, wakaendelea kuwa Kawira.

Halafu wakubwa wakataka orodha ya wagonjwa isafishwe. Watu wengi walikuwa na faili mbili au tatu: mama alikuja mara moja kwa jina la ubatizo, mara nyingine kwa jina la mume. Programu ilikuwa na kitufe cha kuunganisha faili za mtu mmoja ziwe moja, na mwanzoni aliyeruhusiwa kukibonyeza ni Mwenda pekee. Wakampigia simu akiwa shambani, akiwa kanisani, akiwa kwenye mazishi ya mjomba wake. Mwishowe akachoka. Asubuhi moja akawafungulia makarani na wauguzi wote kile kitufe. "Muwe waangalifu," aliwaambia, na hakusema zaidi. Kwa ajili ya neno hilo fupi alipiga magoti mara nyingi baadaye.

Ilikuwa Jumatano ya mvua, adhuhuri, aliposikia Kagwiria, karani wa mapokezi, akimwita kutoka upande wa pili wa ukumbi. Kagwiria hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Mwenda, kuja! Daktari anakutaka sasa hivi!"

Mama mjamzito alikuwa ameletwa kwa gari la Probox kutoka Gachoka. Jina lake Gladwell Wawira. Damu ilikuwa inamtoka, macho yamefumba, hajibu akiitwa. Kadi ya kliniki ilikuwa imeachwa nyumbani, na mume wake alikuwa kazini Isiolo, simu haishiki. Aliyemleta ni shemeji yake, Njiru, aliyesimama ukutani na shati lililolowa damu na mvua.

Daktari Murithi alikuwa ameinamia kompyuta ya mapokezi. "Niambie hii ni nini," alisema.

Faili ya Gladwell ilikuwa wazi. Juu, kwa maandishi mekundu: dawa ya usingizi inayotumika hapa kila siku ilimkataa alipopasuliwa, akafura koo, pumzi ikakatika. Chini kidogo, upasuaji mwingine, dawa ile ile: amelala vizuri, ameamka vizuri.

"Nikimpa na ilimkataa, atafia mezani," daktari alisema. "Nikiiacha, iliyobaki ni ile inayoshusha presha, na presha yake iko chini tayari. Siwezi kubahatisha. Huyu dawa ilimkataa ama haikumkataa?"

Mwenda alisogeza ukurasa. Akaona tarehe aliyolazwa wodini. Akasogeza tena, akaona tarehe ile ile yuko kwa daktari wa meno. Akamgeukia daktari.

"Daktari, hii si faili ya mtu mmoja. Ni watu wawili wameunganishwa."

Mzee Gitobu, msimamizi wa hospitali, alikuwa ameshafika na miwani mkononi. "Nani aliunganisha?"

Kompyuta ilionyesha tarehe ya juzi na jina moja. Kawira.

"Kawira! Huyo leo ataandikiwa barua ya onyo!"

"Mzee, Kawira yuko likizo kwao tangu wiki jana. Hapa kila mtu ni Kawira."

Kagwiria aliangalia chini.

"Basi bonyeza zirudi mbili," Gitobu alisema.

"Hazirudi. Ni kama umemimina maziwa ya ng'ombe wawili kwenye mtungi mmoja. Nipeni nafasi nitafute nakala ya kabla hawajaunganisha."

"Sina nafasi nyingi," daktari alisema, akageuka kurudi chumba cha upasuaji. "Damu tunamwongeza. Niletee jibu moja tu, Mwenda. Ndiyo au la."

Nakala za akiba Mwenda hakuziweka karibu na seva, kwa sababu alisema moto ukija hauchagui. Zilikaa kwenye sanduku la chuma nyumbani kwa kasisi, ng'ambo ya uwanja. Alivuka mbio, matope yakimvuta viatu, akarudi na diski ameikumbatia chini ya sweta kama kifaranga. Akaichomeka kwenye laptopu yake, akaanza kuifungua.

Mstari wa kijani ulianza kujaa. Ulijaa kidogo, ukasimama.

Sista mmoja alichungulia mlangoni. "Daktari anauliza."

"Mwambie bado."

Mstari ulisogea, ukasimama tena. Nje mvua ilipiga mabati kiasi cha mtu kutosikia pumzi yake mwenyewe. Mzee Gitobu alizunguka nyuma ya kiti, akaenda, akarudi.

"Hii laptopu yako ni nzee. Si uizime uiwashe?"

"Mzee, ukiigusa nitakufungia nje kwa mvua."

Hakuna aliyewahi kumjibu Gitobu hivyo. Gitobu alikaa.

Mwenda aliweka viganja viwili mezani, kila upande wa laptopu. Midomo yake ilikuwa inasema jambo, na halikuwa la kompyuta. Alimwomba Mungu asimhesabie mwanamke yule uchovu wa mtu mwingine.

Sista akarudi. "Anasema presha inashuka."

"Bado. Mwambie bado, lakini naona mwisho."

Ikafunguka. Akaandika Gladwell Wawira, Gachoka. Zikaja faili mbili, kila moja peke yake, na moyo wake ukainuka, kisha ukaanguka pale pale. Wote wawili walikuwa wa Gachoka. Wote wamezaliwa mwaka mmoja. Nambari ya simu ilikuwa moja, labda ya mzee wa boma aliyekuwa na simu kabla ya wengine. Mstari wa mume ulikuwa mtupu kwa wote wawili; tofauti ilikuwa kwenye mstari wa mzazi tu. Aliyekataliwa na dawa, mama yake ni Marigu. Aliyelala vizuri, mama yake ni Gicuku.

Alimkuta Njiru pale pale ukutani.

"Ndugu yangu, mama mzazi wa Gladwell anaitwaje?"

"Tunamwita Mama Gladwell."

"Jina lake hasa."

"Bwana, mimi nitamtaja mama mkwe wa ndugu yangu kwa jina? Hata silijui. Sijawahi kuliuliza, nani angeniambia?"

"Kuna Gladwell Wawira mwingine huko kwenu?"

"Wako. Nyanya yao alikuwa Wawira. Kila mtoto wake alimwita msichana mmoja Wawira. Hata hilo la Gladwell waliiga." Njiru alianza kulia bila kujifuta. "Daktari amesema nini? Amekufa?"

"Hajafa. Nisikilize." Mke wa Mwenda alitoka Kianjokoma, huko huko Embu, na binti yao wa pili aliitwa jina la mama mzazi wa mkewe, wakwe walikuja na kuku na unga kumwona mtoto na hakukuwa na mjadala juu ya jina, kwa kuwa huko msichana wa kwanza ni wa kwa mume na wa pili ni wa kwa mke. Hilo ndilo lililomjia akilini, akiwa amemshika Njiru mkono. "Gladwell ana wasichana?"

"Wawili."

"Wa kwanza anaitwa nani?"

"Alipewa mama yetu."

"Na wa pili?"

"Marigu."

"Ameitwa kwa mama yake Gladwell? Si kwa shangazi, si kwa rafiki?"

"Sasa angeitwa kwa nani?" Njiru alisema, karibu akasirike.

Mwenda alifika mlango wa chumba cha upasuaji akihema. Daktari Murithi alitoka na glavu zimeinuliwa hewani.

"Ilimkataa," Mwenda alisema. "Ni yule ambaye ilimkataa. Lakini nikuambie ukweli, daktari, nimejua kwa jina la mtoto wake, si kwa nambari."

"Una hakika kiasi gani?"

"Kama ni mke wangu amelala hapo ndani, ningekuambia hivyo hivyo."

Daktari alimtazama, kisha akamgeukia mtu wa dawa ya usingizi. "Tumia ile nyingine. Polepole. Na mlete damu yote iliyobaki."

Mlango ukafungwa. Mwenda hakuondoka. Alisimama na Njiru, na kwa muda mrefu walisikia vyuma tu, na sauti ya mtu akitaja presha, kila mara nambari ndogo kuliko ya kwanza. Njiru alimwuliza kama anajua kuomba kwa Kiembu. Mwenda akasema anajua Kimeru, na Mungu hana shida na hilo. Waliomba wakiwa wamesimama. Sauti ya ndani ikataja nambari ile ile mara mbili. Halafu ikataja kubwa zaidi. Mtoto alipolia, Njiru aliketi chini sakafuni.

Jioni ile Mwenda alikifunga kile kitufe, akaingia kwa Mzee Gitobu. "Barua usimwandikie Kawira," alisema. "Niandikie mimi. Mimi ndiye niliwafungulia." Gitobu aliiandika, na Mwenda akaitia sahihi bila kuisoma.

Asubuhi alikwenda wodini. Gladwell alikuwa ameamka, midomo imekauka, mtoto kwenye kwapa.

"Wewe ni daktari?" aliuliza.

"Hapana, mama. Mimi ni wa kompyuta."

"Kwani kompyuta pia ilikuwa mgonjwa?"

"Ilikuwa imekuunganisha na mtu mwingine. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Mtu gani?"

"Gladwell Wawira wa Gachoka. Mama yake ni Gicuku."

Gladwell alianza kucheka, akashika mshono kwa mkono. "Wuui, usinichekeshe, nitapasuka! Huyo ni binti wa baba mdogo. Tulisoma darasa moja. Mwalimu alikuwa anamchapa yeye kwa makosa yangu."

Mwenda alitaka kucheka naye, akashindwa. Alivuta kiti, akakaa, akaomba ampakate mtoto kidogo.